Pembe ya Kitambaa cha Mgahawa K

Tarehe 9 Februari

Chiriku wangu,

Salamu zako hizi hapa, zipokee kabla sijaanza kulalamika, maana nikishaanza nitazisahau. Sisi hatujambo. Mgongo umemwachia baba yako, sasa ni zamu ya goti, yaani huo ugonjwa unamzunguka kama mpangaji anayetafuta chumba. Mrefu amerudi kunisaidia vyombo, amenenepa, na ameshavunja bakuli. Tanki letu linavuja palepale. Fundi viatu wa jirani anauliza lini utamlipa ile salamu uliyomwahidi.

Ninaandika kwa sababu simu yako imenichosha. Nikipiga, "Mama, nipo maabara." Nikipiga tena, "Mama, nipo maktaba." Nikipiga mara ya tatu nasikia ti-ti-ti. Barua huwezi kuikata. Utanisoma mpaka chini, na mwandiko wangu wa darasa la nne uuvumilie. Kondakta wa basi la asubuhi ameniahidi kuiacha kwa mlinzi wa geti lenu.

Haya. Ulinipigia ukasema, "Mama, tumetuma!" ukakata. Mimi nikajua kazi yenu imeshachapishwa. Nikawatangazia wateja. Mafundi wa gereji wakagonga meza kwa vijiko mpaka chai ikamwagika. Sasa kila anayeingia ananiuliza, "Mama Chiriku, hilo jarida liko wapi tulione?" Nikisema linakuja, wanatazamana. Juzi mwalimu mstaafu, yule wa meza ya dirishani, akaniambia mbele ya watu, "Mama, kutuma ni kutuma tu. Mimi nilituma maombi ya uhamisho mpaka nikastaafu." Kicheko! Nilitamani niingie ndani ya sufuria nijifunike.

Sasa niambie kwa maneno ya kawaida: limetoka au halijatoka?

Na jambo la pili, ambalo linanikosesha raha. Mwaka jana ulipokuja na mkasi wako mdogo ukanikatia pembe ya kitambaa cha kufutia meza, ukaitia kwenye kifuko kama kidole cha mtu, ulisema migahawa yote mliyopita imepewa herufi badala ya jina. Mimi ni herufi gani? Mama yako mzazi huwezi kumficha herufi yake.

Likizo ukija niambie mapema, nijiandae. Usinitokee tu kama mvua.

Mama yako.


Tarehe 3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na baba pia shikamoo yake, mwambie goti alikande kwa maji ya moto na asipande ngazi kwenda kutazama tanki, maana namjua. Mimi ni mzima. Chumba chetu kimeongezwa mtu wa nne, tunalala kama viatu kwenye kabati. Mwenzangu tunayefanya naye huu utafiti, yule ninayemwita Miwani, anakusalimu ingawa hamjaonana.

Mama, halijatoka. Nakuomba, nakuomba sana, acha kutangaza. Nakueleza taratibu.

Tumeandika makala kuhusu vitambaa vya kufutia meza, vijidudu vilivyomo na jinsi vinavyohamia kwenye meza inayoonekana safi. Tumeipeleka kwa mhariri wa jarida. Mhariri haamui peke yake. Anawatafuta wataalamu wawili, anawapa waisome, nao wanaandika makosa yote wanayoyaona. Majina yao hatuambiwi. Inaweza kuchukua miezi. Halafu tunarekebisha, wanasoma tena. Wanaweza pia kuikataa kabisa.

Hapa chuoni hakuna mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika idara yetu aliyewahi kuchapisha. Profesa anayetusimamia alicheka tulipomwambia, halafu akaona takwimu, akaacha kucheka. Kwanza waliturudishia bila hata kuisoma, kwa sababu orodha ya marejeo ilikuwa na nukta mahali wanapotaka mkato. Tukakaa siku nzima tunabadilisha nukta kuwa mikato. Tukatuma. Wakarudisha tena: picha hazisomeki. Nilitaka kulia, Miwani akalia kweli, ndipo tukazirekebisha tukatuma tena.

Kwa nini nahangaika hivi? Kwa sababu ya ile nafasi ya shahada ya pili niliyokueleza, ambayo mwanafunzi anasomeshwa bure. Maombi yanafungwa mwisho wa Septemba, na hawapokei mtu ambaye hana makala iliyokubaliwa na jarida. Likikubali kabla ya hapo, nimo. Lisipokubali, narudi nyumbani na cheti changu kusubiri kazi kama wengine.

Kuhusu herufi siwezi kukuambia. Tuliahidi kila mwenye mgahawa kwamba jina lake litakuwa siri. Nikikuambia wewe, nimevunja ahadi.

Wako,
Chiriku.


Tarehe 20 Machi

Chiriku,

Marahaba. Baba yako naye marahaba, kaitikia bila kuondoa sikio kwenye redio. Alipanda ngazi. Hakuanguka, lakini alishindwa kushuka, ikabidi mafundi wa gereji waje wamteremshe kama kabati. Sasa hataki mtu aongelee jambo hilo, kwa hiyo sijakuambia.

Barua yako nimeisoma na sijaielewa hata mara moja. Watu wawili wanaisoma kazi ya mwanangu, wanaikosoa, halafu wanajificha? Kwetu sisi mtu akiwa na neno la kweli analisema akiwa amesimama mlangoni, unamwona uso. Chakula changu kikizidi chumvi wateja wananiambia palepale, tena kwa kelele, na kesho wanarudi. Hawa wenu wana nini cha kuficha? Nilimuuliza mwalimu mstaafu, akasema huo ndio utaratibu wa dunia nzima. Nikamwambia basi dunia nzima haijalelewa.

Nikafikiria niwaandikie mimi. Nimwandikie mhariri kiungwana, nimsalimie, nimweleze kwamba huyu mtoto anasoma kwa shida, hali vizuri, awahimize hao wawili. Mrefu akasema, "Mama, ukifanya hivyo Chiriku atahama nchi." Nikaacha. Lakini karatasi bado iko mezani, ujue.

Sasa tuje kwenye herufi. Hiyo ahadi ni ya kumficha mtu kwa watu. Kunificha mimi kwa mimi ndiyo akili gani? Sijaomba unitajie za wengine, ingawa yule mama wa kona ya stendi najua kitambaa chake kikoje, sihitaji maabara. Naomba yangu tu. Bwana afya anapita hapa kila baada ya muda na kalamu yake nyuma ya sikio. Akilisoma hilo jarida na kuona kwenye mchoro wenu wa vijidudu nguzo yangu ni ndefu, ananifungia mlango, na hiyo shahada yako ya pili utakuja kuiombea kwenye jiko lililopoa.

Kula. Na ukija, niambie mapema.

Mama.


Tarehe 2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Tulikuwa na mitihani, na kila nilipokaa kuandika nilikuwa sina la kukuambia ila kwamba tunasubiri. Natumaini goti la baba limetulia na ngazi mmeifungia. Nashukuru kwa mfuko wa karanga, wenzangu watatu wanakuombea maisha marefu.

Mama, majibu ya wale wawili yamekuja.

Wa kwanza ametupenda. Ameandika mistari michache, anataka tubadilishe kichwa cha makala na tueleze vizuri namna tulivyootesha vile vijidudu. Sawa.

Wa pili ameandika kurasa na kurasa. Kwanza anasema migahawa yetu ni michache, yaani idadi yake inatosha kwa shida tu. Halafu anasema hivi, nakutafsiria: "Mgahawa K unanishangaza. Kitambaa chake hakina karibu kijidudu chochote. Vitambaa vya hospitali havifikii usafi huu. Waandishi waeleze, au warudie kipimo, au mgahawa huu uondolewe." Na mhariri ameongeza kwamba tukiuondoa, idadi itakuwa ndogo mno, hawataweza kuipokea.

Profesa alituita. Akaniuliza, "Huyu mwenye mgahawa K alijua kwamba mnakuja siku ile?"

Nikajifanya natafuta kalamu. Miwani akanitazama, akatazama dirisha.

Mama, sasa nakuuliza kwa heshima zote, na nakuomba unijibu haraka kwa sababu tumepewa mpaka mwisho wa Julai. Siku ile nilipokuja na mkasi, kile kitambaa kilikuwa kimetumika kwa muda gani? Ulikuwa umekichemsha? Kilikuwa kipya? Sina hasira, nataka kujua tu.

Chiriku.


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa leo naitoa kwa meno.

Hapa kwetu habari ni nyingi. Shangazi yako alikuja bila taarifa akakuta nimevaa gauni lenye tundu, akakaa mpaka jioni. Mrefu ameposwa na dereva wa lori la mchanga, anaimba sasa hivi akiosha masufuria, na sauti hana. Bomba la mtaa limekatwa mara mbili wiki hii, tunachota kwa jirani. Baba yako ameanza kutengeneza redio yake mwenyewe, kwa hiyo hatuna redio tena.

Kwa hiyo mimi ni K. Asante kwa kuniambia. Nakuuliza tangu Februari, kumbe ilibidi mtu mwingine anichafulie jina kwanza.

Na kosa langu ni nini? Usafi! Nimeishi mpaka leo sijawahi kusikia mtu anashtakiwa kwa usafi. Huyo mtu wa pili angekuja kwangu angekula mezani, angefuta midomo, angesema, "Mama, hapa pako ni pasafi," na mimi ningemwambia karibu tena. Badala yake amejifungia huko aliko, anashangaa. Ashangae! Anasema hospitali haifikii usafi huu. Mimi ningeliandika neno hilo juu ya mlango kwa rangi nyekundu.

Ungemjibu hivyo. Ungemwambia mama yangu ni msafi, basi, funga mjadala.

Fundi viatu anakusalimu sana. Mvua hazijanyesha.

Likizo unakuja lini? Niambie mapema.

Mama yako, msafi.


Tarehe 19 Juni

Mama,

Shikamoo.

Swali lilikuwa moja. Nimepata shangazi, mchumba wa Mrefu, bomba, redio na mvua. Kitambaa sijakipata.

Nisikilize. Kosa si usafi. Wale wote wengine tuliwafikia bila kuwaambia siku. Walitia sahihi karatasi inayosema tunaweza kuja siku yoyote ndani ya mwaka, basi tukatokea wakati wa shughuli, tukakata pembe ya kitambaa kilichopo mezani, tukashukuru, tukaondoka. Vitambaa vilikuwa jinsi vinavyokuwa kila siku. Hicho ndicho tulichotaka kupima, kila siku.

Kwako nilipiga simu jana yake.

Ni mimi niliyepiga. Profesa hakuniagiza, Miwani hakujua. Nilikuwa nimesimama stendi na vifuko vyangu, nikaona haiwezekani. Nitaingiaje jikoni kwa mama yangu mbele ya wateja wake, na mkasi, kama bwana afya? Nikasema, "Mama, kesho nakuja na ile kazi yangu ya vitambaa." Ukasema, "Vizuri umeniambia." Nakumbuka mpaka sauti yako.

Kwa hiyo unaweza kunijibu au unaweza kunyamaza, vyote sasa ni sawa. Nimeshamwambia profesa ukweli kuhusu ile simu. Hakupiga kelele. Alivua koti lake la maabara, akalitundika, akasema, "Basi mtafanya kama mlivyowafanyia wengine." Kukuondoa hatuwezi, na kukuacha ulivyo hatuwezi.

Ile karatasi uliyotia sahihi mwaka wake haujaisha.

Msalimie baba.

Chiriku.


Tarehe 6 Julai

Wewe Chiriku,

Marahaba. Tuko wazima, isipokuwa nimeaibika.

Jumanne bomba lilikuwa limekatwa tangu asubuhi. Masufuria yamejaa, wateja wamejaa, Mrefu ameniambia anakwenda kupimwa gauni mara moja tu na hakurudi mpaka mchana. Kile kitambaa cha meza kubwa, wewe unakijua, kile cha mistari, kilikuwa katika hali ambayo sitaiandika kwenye karatasi. Maji ya kunywa hayatoshi, nitayapata wapi ya kitambaa?

Akaingia kijana. Mwembamba, ana miwani mizito, begi mgongoni lina nembo kama ya begi lako. Akaagiza maharage. Hakuyala. Akawa anayageuza na kijiko huku jasho linamtoka. Nikamuuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Akasema, "Hapana mama, chakula ni kizuri sana," na hajakionja!

Nikageuka kuipua chai. Nikasikia Mrefu, ndiyo kwanza anaingia, anapiga ukelele: "We! We! Unafanya nini na hicho kitambaa?" Kijana ameinama juu ya meza kubwa, mkononi ana mkasi mdogo, mkono mwingine kifuko.

Vijiko vikawekwa mezani. Fundi mkubwa wa gereji akasimama.

"Umetumwa na nani?" nikamuuliza.

Akanitazama. Akautazama mkasi. Akasema, "Naomba na chai."

Mafundi wakaangua kicheko, mwalimu mstaafu akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilimpa chai yake. Aliinywa yote ya moto hivyo hivyo, akaniamkia mara mbili, akasahau kofia yake. Kofia ninayo.

Huyo kijana simjui, na wala sikuulizi kama wewe unamjua. Sijui ni nani mwingine duniani anayekata pembe za vitambaa vya watu, wewe ndiye msomi, niambie. Ila kama mtu alitaka kuja kwangu, siku zote za mwaka zipo, kwa nini achague siku ambayo bomba limekatwa? Ningeambiwa usiku tu wa jana yake ningechota kwa jirani. Nisingeaibika mbele ya mtoto wa watu.

Baba yako nilipomsimulia alicheka mpaka akashika goti. Sijaongea naye tangu Jumanne.

Kuhusu lile swali lako, nina kazi nyingi.

Mama.


Tarehe 30 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na bomba. Pole na Jumanne.

Kofia itunze. Mwenyewe anasema hajawahi kuogopa kitu maishani kama yule fundi mkubwa, na anajuta kwamba hakuyala yale maharage. Hakuchagua siku, mama. Ilichaguliwa kwa kura. Tuliandika siku zote za wiki kwenye vikaratasi na profesa akachomoa kimoja macho yamefumbwa. Bomba hatukulijua.

Unauliza kwa nini sikuja mwenyewe. Hukuuliza, lakini najua unauliza. Nilikata tiketi. Nikakaa kitandani, viatu nimevaa, nikajua kabisa kwamba nitafika stendi na nitakupigia. Ndiyo maana akaenda yeye.

Tumetuma marekebisho jana. K sasa inafanana na wenzake. Zaidi ya hapo usiniulize, na mimi sitakuuliza la kwako.

Septemba inakuja mbio na mimi nimechoka, mama. Nimechoka na huyo mtu wa pili, nimechoka na mikato. Wakati mwingine naona kama kuna mlango mmoja tu, na kila nikifika umebadilishwa kitasa.

Chiriku.


Tarehe 24 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine nakuongezea.

Leo sina maneno mengi wala sina ugomvi. Kondakta anasema alikuona getini umekonda. Nimemsema kwa nini anawachunguza watoto wa watu, lakini nimemwelewa. Kwenye mfuko huu kuna karanga, kuna sweta lako la kijani ulilosahau, na kofia ya yule mtu. Nimeifua.

Mafundi wanauliza habari za jarida. Nimewaambia: atakayeniuliza tena anakula kwa mama wa kona ya stendi. Wamerudi kwenye chai yao. Nimejifunza, sitangazi kitu. Hata Mrefu kuolewa sijatangaza, ametangaza mwenyewe.

Wakikataa, uje nyumbani. Chumba chako kiko vilevile, baba yako ameweka vipande vya redio tu, nitavitoa. Sisemi kwamba watakataa. Hao watu wawili wamenifanya hata nikifuta meza nawaza wananitazama. Usiku namwambia baba yako, "Huyo wa pili ana watoto kweli?" Anasema lala.

Mama.


Tarehe 17 Septemba

MAMA,

Shikamoo! Shikamoo baba! Shikamoo Mrefu, ingawa ni mdogo kwangu!

Imekubaliwa. Mhariri ameandika jana asubuhi. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za maabara, nikampa Miwani asome, akasoma, akampa mtu tusiyemjua asome, kuhakikisha. Yule wa pili, mama, unajua alichoandika safari hii? Mstari mmoja: "Nimeridhika, na nawapongeza waandishi kwa kusema ukweli kuhusu K."

Maombi yangu ya shahada ya pili nimeyawasilisha jana hiyohiyo na barua ya mhariri juu yake. Wamepokea.

Nakutumia nakala ya makala kama itakavyotoka kwenye jarida. Jina la kwanza ni langu, la pili la Miwani, la profesa ni la mwisho. Najua utauliza kwa nini mtu mzima amewekwa nyuma ya watoto. Huku kwetu nyuma ndiko kwenye kiti cha heshima, usigombane na mtu.

SASA unaweza kutangaza.

Chiriku wako.


Tarehe 2 Oktoba

Chiriku wangu, mwandishi,

Marahaba. Salamu nimezigawa kama zilivyo. Mrefu amekataa shikamoo yako, anasema unamzeesha kabla ya harusi. Baba yako amelitazama jarida mbele na nyuma, akatafuta jina la ukoo wake kwa kidole, akalipata, akatoka nje. Alikaa huko muda. Aliporudi alisema vumbi limemwingia machoni, na siku ile hapakuwa na upepo.

Nilimpa mwalimu mstaafu atusomee. Nilifunga jiko kabisa, hakuna kuagiza, hakuna chai. Mafundi walikaa kama wako msibani. Alisoma mstari wa kigeni, anatafsiri, anasoma, anatafsiri, na kila penye neno gumu anasema, "Hapa ni utaalamu," anaruka. Alivyoruka sana fundi mkubwa akamwambia, "Mwalimu, mbona utaalamu ni mwingi kuliko habari?"

Tukafika pale. Nilijua tunafika, nilikuwa nimeshika mwiko. Akasoma: "Mgahawa K ulipimwa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza mwenyewe alijulishwa mapema na mtafiti mmoja." Halafu kuna picha ya nguzo, na nguzo ya K imekwenda juu, imezipita karibu zote. Mafundi wakaguna. Mmoja akasema, "Huyo K ni nani jamani, tusije tukala huko!"

Mwalimu akanitazama juu ya miwani yake. Alikuwepo Jumanne ile, na si mjinga. Nikasubiri atoboe siri yangu.

Akafunua ukurasa mwingine, akasema, "Hapa ni utaalamu."

Chai aliyokunywa kesho yake sikumdai.

Nimekasirika, nisikufiche. Nilitaka nguzo yangu iwe fupi. Nilikesha na kile kitambaa mwaka jana, na sasa jibu la lile swali lako la mwezi wa sita umelipata, usiniulize tena mpaka nife. Lakini nimelala na hilo jarida chini ya mto, nikajiuliza: mtu wa pili asingeshangaa, mngeandika kwamba K ni safi, na mtu huko mbali angeamini. Na wewe ungeanza hiyo kazi yako na uongo wangu ndani yake. Basi nimemsamehe, mwambie, popote alipojificha. Simjui jina lakini nimemsamehe.

Jarida nimeliweka ukutani kwenye fremu ya kioo, juu ya beseni la kunawia. Bwana afya alipita Alhamisi, akasimama mbele yake muda mrefu, akauliza, "Hili ni la nani?" Nikasema, "La mwanangu." Akauliza, "Na hii K?" Nikasema, "Ahadi ni ahadi, bwana afya, majina hatutaji." Akaandika kitu na kalamu yake, akaagiza maharage, akafuta meza mwenyewe kwa kitambaa kilichokuwepo.

Mwambie Miwani maharage yake yanamsubiri, na safari hii aache mkasi nyumbani. Au aje nao. Vyovyote.

Na wewe, likizo unayo, na basi la asubuhi lipo. Tanki linavuja, ngazi imefungiwa, chumba chako kina vipande vya redio. Njoo. Ila usipige simu ukifika stendi, na siku usiniambie.

Mama yako,
K.